Udongo unaobana na gesi inayotafuta njia: yanayotokea ndani ya kaburi la taka za nyuklia

Siku ya kuchoma vyungu mfinyanzi hana raha mpaka moto utulie. Amevianika kivulini siku kadhaa, amevigeuza, amevigonga kwa kidole asikilize mlio. Pamoja na yote hayo, chungu kimoja kikibaki na unyevu katika ubavu wake mnene, moto ukikipata maji yale hugeuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na udongo uliobana hauna nafasi ya kuupa. Unasikia pah! na kipande kimeruka. Ndiyo maana wafinyanzi wengi huchanganya udongo wao na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Wanauachia mvuke vichochoro.

Tatizo la namna hiyohiyo limewashughulisha wahandisi wa Ulaya kwa zaidi ya miongo mitatu. Tofauti ni kwamba chungu chao kiko mamia ya mita chini ya ardhi, gesi yao ni haidrojeni badala ya mvuke, na muda wanaoufikiria hauhesabiki kwa saa za moto. Unahesabika kwa maelfu ya miaka, hata laki.

Tuanze na kaburi lenyewe. Kinu cha nyuklia kikishatumia urani yake, kinachobaki ni kitu chenye joto na mionzi mikali. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo hufifia ndani ya karne chache, lakini zipo elementi zisizo na haraka: plutoni-239, kwa mfano, huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu tu. Hakuna serikali wala ukuta wa zege wa kuaminiwa kwa muda huo. Kwa hiyo nchi zilizofika mbali katika jambo hili, Finland, Sweden, Uswisi na Ufaransa, zimeamua kuzika. Finland imechimba mahandaki yake ya Onkalo, kwenye kisiwa cha Olkiluoto, katika mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 2, kina cha mita 400 na zaidi. Sweden ilianza ujenzi wa kaburi lake huko Forsmark Januari 2025.

Mpango wa Finland na Sweden ni mmoja. Taka zinawekwa ndani ya mtungi wenye urefu wa karibu mita 5 na upana wa mita moja. Nje ni shaba yenye unene wa sentimita 5, ndani ni chuma cha kusubu. Mtungi unashushwa katika shimo lililotobolewa kwenye sakafu ya handaki, na nafasi yote kati ya mtungi na mwamba inajazwa udongo uliogandamizwa uitwao bentonaiti. Makala hii inauhusu udongo huo.

Bentonaiti ilipata jina lake kutokana na tabaka la miamba liitwalo Benton huko Wyoming, Marekani, lakini tabia yake si ngeni kwetu. Aliyelima au kujenga kwenye udongo mweusi wa mbuga, Usukuma au tambarare za Athi, anaijua. Kiangazi udongo ule unapasuka mpaka ukipenyeza fimbo kwenye ufa inazama. Masika yakija unakunywa maji, unavimba, na nyufa zote zinafumba kana kwamba hazikuwapo. Kuta za nyumba zilizojengwa juu yake bila kuuondoa kwanza zinapata nyufa za mshazari kutoka kona ya dirisha. Kinachofanya hivyo ni madini yaleyale ya jamii ya montimorilonaiti, ambayo ni vibamba vyembamba sana, kila kimoja unene wa nanomita moja hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Maji yanajipenyeza kati ya kibamba na kibamba na kuvisukuma viachane. Mjenzi anauogopa udongo huo na kuuchimba wote autupe, alete kifusi kingine. Mzikaji wa taka za nyuklia anaununua, anaukausha, anaugandamiza kwa mashine na kuufanya matofali.

Sababu ni hii. Matofali hayo yakishazungukwa na mwamba hayana pa kuvimbia. Maji ya chini ya ardhi yanapoyafikia yanataka kupanuka, hayawezi, basi yanasukuma. Muundo wa Finland na Sweden unalenga msukumo wa megapaskali 3 hadi 10. Tairi la gari dogo lina kama 0.2, kwa hiyo tunazungumzia mara 15 mpaka 50 ya tairi, kila upande, bila kuchoka. Msukumo huo unaziba kila upenyo. Maji yakiachwa yajishukie kwa uzito wao ndani ya bentonaiti iliyobanwa hivyo, mwaka mzima hayasogei hata robo ya unene wa unywele. Chochote kilichoyeyuka katika maji kinabaki kutambaa chembe kwa chembe.

Kwa maji, basi, ukuta huu ni karibu kamili. Gesi ndiyo inayoleta mtihani.

Gesi inatoka wapi?

Watu wengi wakisikia gesi na taka za nyuklia wanafikiria kitu kinachotolewa na mionzi. Kidogo ni kweli, kwa sababu mionzi huweza kuyavunja maji. Lakini chanzo kikubwa ni kitu cha kawaida kabisa: kutu. Kaburi likishafungwa, oksijeni iliyobaki ndani inaliwa mapema, na baada ya hapo chuma kinaendelea kuoza kwa njia nyingine. Kinachukua oksijeni iliyomo ndani ya maji yenyewe, na haidrojeni iliyokuwa imeshikamana nayo inaachwa huru. Kila atomu tatu za chuma zinageuka kuwa magnetaiti, madini meusi, na kutoa molekuli nne za haidrojeni.

Hesabu yake inafaa kufanywa taratibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa jambo. Kilo moja ya chuma ikioza yote kwa njia hii inatoa lita 530 na kitu za haidrojeni, ukiipima katika hali ya kawaida ya hewa. Ndani ya mtungi mmoja wa Sweden kuna chuma cha zaidi ya tani 10. Tukichukua tani 10 tu, hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 5,000. Sasa chini kule kila kitu kimebanwa, kwa hiyo tuibane gesi hiyo mara mia: zinabaki mita za ujazo 50 na ushee. Shimo zima lenye mtungi na udongo wake halifiki nusu ya hapo. Kwa maneno mengine, hata ungeondoa mtungi na bentonaiti yote ukaacha shimo tupu, gesi ile isingetosha humo.

Kutu hii, hata hivyo, ni ya pole mno. Bila oksijeni chuma hupoteza kiasi cha maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Kwa kasi hiyo, mita moja ya mraba ya chuma inatoa kama lita 4 za gesi kwa mwaka, chupa kubwa mbili za soda. Hatima ya ukuta wote inategemea mashindano kati ya chupa hizo mbili na uwezo wa udongo wa kuziondoa.

Hapa nchi zinatofautiana. Kwa Sweden na Finland gesi ni suala la "ikiwa": shaba inapaswa kwanza itoboke ndipo maji yafikie chuma. Kwa Uswisi, ambako mpango wa msingi umekuwa mitungi ya chuma, na kwa taka za kiwango cha kati zilizojaa mabomba, nondo na vyuma vya kila namna, gesi ni suala la "lini". Taka za aina hiyo zina pia karatasi, nguo na plastiki, ambavyo vikioza hutoa methani na kaboni dioksidi.

Jinsi gesi inavyopita

Njia ya kwanza ni ya amani. Gesi inayeyuka katika maji yaliyomo ndani ya udongo, kama ile ya soda kabla hujafungua kizibo, kisha inasambaa polepole kuelekea nje. Lita moja ya maji inabeba takriban mililita 18 za haidrojeni katika shinikizo la kawaida, na shinikizo likiongezeka inabeba zaidi kwa uwiano uleule. Kutu ikienda pole vya kutosha, njia hii peke yake inamaliza kazi. Hakuna povu linalojitokeza na udongo haujui kama kuna kilichopita. Kila mhandisi angependa mambo yaishie hapo.

Kutu ikizidi kasi hiyo, maji yanashiba, gesi inajikusanya pembeni mwa mtungi, na shinikizo linaanza kupanda. Kwa miaka mingi dhana iliyotumika kueleza kinachofuata ilitoka kwenye sekta ya mafuta. Mafuta na gesi asilia hukaa ndani ya mawe yenye vitundu, na gesi ikisukuma inayafukuza maji kutoka kitundu hadi kitundu, ikaingia mahali pake. Hiyo ndiyo njia ya pili. Kwa mchanga na mawe ya mchanga dhana hiyo inafanya kazi vizuri sana.

Tatizo ni vitundu vyenyewe. Uso wa maji una mvutano, kama ngozi, na kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo ngozi hiyo inavyokuwa ngumu kutoboa. Katika tundu lenye upana wa nanomita 10 inahitajika megapaskali karibu 29 kuyafukuza maji. Vitundu vingi vya bentonaiti iliyobanwa ni vidogo kuliko hivyo, na maji yaliyo kati ya vibamba yameshikwa na madini yenyewe. Wakati huohuo udongo ule unasukuma kwa megapaskali 3 hadi 10, na maji ya kina cha mita 400 na kitu yanaongeza kama 4. Jumla haifiki hata nusu ya 29. Gesi ikiwa imebanwa kwenye kona, rahisi kwake ni kuusogeza udongo kuliko kuyatoa maji.

Na kweli hivyo ndivyo inavyofanya. Mtazame mtu anayesonga ugali, pale kabla haujashika, uji ukiwa mzito na moto mkali. Mvuke haupiti ndani ya uji kama maji yanavyopita kwenye chujio. Unajikusanya chini, unainua, unafungua tundu, unatoka kwa mlio wa pu, na tundu linajifunga. Sekunde chache baadaye linafunguka jingine pembeni. Hii ndiyo njia ya tatu, na wanasayansi wanasema njia zinazotanuka: nyufa nyembamba ambazo gesi inazifungua kwa nguvu zake yenyewe na kuzishikilia wazi kadiri inavyoendelea kusukuma.

Ushahidi mwingi wa jambo hili umetoka katika maabara za Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza, huko Keyworth. Pale wanakata kipande cha udongo mfano wa kopo dogo, wanakibana kila upande, wanakishibisha maji, kisha wanasukuma gesi kutoka upande mmoja wakiongeza shinikizo kidogo kidogo. Kwa siku nyingi hakitoki kitu. Shinikizo la gesi likikaribia jumla ya msukumo wa udongo na shinikizo la maji, ghafla inatoka upande wa pili. Haitoki sawasawa pande zote: inatokea hapa, baadaye pale, kama mtu anayejaribu milango. Wakikipima kipande baadaye, maji yake ni karibu yaleyale. Hilo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, maana kama gesi ingekuwa imeyafukuza maji, udongo ungeonyesha ukavu.

Watafiti haohao walifanya jaribio jingine zuri, kwa udongo wa asili wa Ubelgiji unaoitwa Boom. Waliingiza chembechembe ndogo mno za dhahabu pamoja na gesi. Kama gesi ingepita katika vitundu vya asili, dhahabu ingekwama mlangoni, kwa kuwa ni kubwa kuliko vitundu hivyo. Walipokivunja kipande waliikuta dhahabu ndani, imetulia kwenye nyufa ambazo gesi ilikuwa imezifungua kisha zikajifunga.

Iko njia ya nne pia, ambayo hakuna anayeitaka. Gesi ikizalishwa kwa kasi kubwa mno, shinikizo linapanda haraka na ukuta unapasuka kwa ufa mmoja mkubwa, kama kile chungu. Chuma kinaoza polepole kiasi kwamba jambo hili ni gumu kutokea, lakini ndilo wabunifu wanalojilinda nalo.

Jaribio la mita 420

Kipande cha mfano wa kopo ni kimoja, shimo zima ni jingine. Kwa hiyo mwaka 2005 lilianza jaribio kubwa lililoitwa Lasgit katika maabara ya chini ya ardhi ya Äspö, karibu na Oskarshamn, Sweden, kina cha mita 420. Ulishushwa mtungi wa ukubwa halisi, bila taka ndani. Ulizungukwa na matofali halisi ya bentonaiti, shimo likafunikwa kwa kifuniko kizito cha chuma kilichofungwa kwenye mwamba kwa nyaya. Kwenye ubavu wa mtungi viliwekwa vichujio vya kuingizia gesi, mfano wa matundu ya kutu. Wakasubiri maji yaingie, wakasukuma gesi, wakasubiri tena. Jaribio hilo lilidumu zaidi ya muongo mmoja.

Matokeo yake makuu yalifanana na ya maabara. Gesi iliingia pale shinikizo lake lilipokaribia msukumo wa mahali hapo, ikatembea kwa njia chache tu zilizobadilika kadiri muda ulivyokwenda. Sehemu moja ya kupitia iliyojitokeza, nadhani yenye funzo kubwa kuliko nyingine, ni maungio: pale ngozi ya mtungi inapokutana na tofali. Fundi yeyote wa mabomba angekuambia hivyo kabla hujauliza. Bomba zima halivuji, inavuja jointi. Ukuta wa kaburi umejengwa kwa matofali yanayogusana na kila mguso ni jointi, mpaka udongo uvimbe vya kutosha na kuufuta. Ndiyo maana siku hizi watafiti hawauulizi udongo peke yake. Wanauliza pia juu ya mshono kati ya tofali na tofali, na kati ya tofali na mwamba.

Swali linalofuata ni kama ukuta unarudi ulivyokuwa. Gesi ikishatoka, shinikizo linashuka, na udongo unazibana njia zile. Hazifungi kwa ghafla: shinikizo linashuka mpaka kiwango fulani na kukwama, kana kwamba udongo umesema basi. Ukisukuma gesi tena upesi, mara nyingi inaingia kwa shinikizo dogo kuliko mara ya kwanza, maana udongo bado unakumbuka. Ukiupa maji na muda, unasahau, na maji yanapata ugumu uleule wa kupita. Ni mbuga ya masika, ila kwa kipimo cha nanomita.

Kwa tabia hiyo naona ni kosa kuuliza tu kama gesi itapita au haitapita. Kwenye kaburi lenye chuma kingi ni lazima ipite, na kuizuia kabisa kungekuwa kutengeneza bomu la shinikizo. Linalostahili kuulizwa ni inapita kwa njia ya namna gani, inabeba nini, na nyuma yake inaacha nini.

Kuhusu inachobeba, kuna jambo moja linalotakiwa kuangaliwa kwa makini. Haidrojeni yenyewe haina mionzi ya kutisha. Lakini vyuma vilivyokaa ndani ya kinu vina kaboni-14, kaboni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5,730, na inaweza kutoka ikiwa ndani ya methani. Gesi ikipata njia inasafiri haraka kuliko maji. Tena gesi iliyofungwa inaweza kuyasukuma maji machafu yatoke nje ya taka, kama unavyobonyeza chupa ya maji. Wabunifu wanapiga hesabu ya mambo haya mawili kuliko wanavyohofia ukuta kupasuka.

Mchanga wa mfinyanzi

Waswisi wameikabili hali yao kwa namna ambayo kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote. Eneo walilolipendekeza mwaka 2022, Nördlich Lägern, lina mwamba wa udongo mgumu wa kale sana unaobana maji vizuri. Kwa hiyo hawakutaka gesi iulazimishe mwamba huo. Waliamua kuitengenezea barabara kupitia mahandaki yaliyojazwa, mbali na mwamba. Vizibo vya mahandaki ya taka za kiwango cha kati walivifikiria kwa mchanganyiko wa mchanga asilimia 80 na bentonaiti asilimia 20. Bentonaiti inavimba na kujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo maji yanapita kwa shida. Mchanga unazuia vitundu visiwe vidogo mno, kwa hiyo gesi inapita kwa shinikizo dogo bila kupasua chochote. Kizibo kikubwa cha majaribio cha aina hiyo kilijengwa katika maabara ya Grimsel, ndani ya milima ya Alps, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kikaanza kunyweshwa maji taratibu.

Mchanga ndani ya udongo ili gesi ipite: mama mfinyanzi angeielewa michoro ile bila mkalimani.

Tena kuna wasaidizi wasiotarajiwa. Katika maabara ya Mont Terri, kwenye jimbo la Jura, imeonekana kwamba ndani ya maji ya mwamba wanaishi vijidudu vinavyokula haidrojeni pamoja na salfeti. Ndani ya bentonaiti iliyobanwa havina nafasi ya kuishi, vitundu ni vidogo kuliko miili yao. Kwenye mchanga nafasi ipo, na kila haidrojeni wanayokula ni shinikizo lililopungua.

Kilichobaki kigumu ni kubashiri. Katika mradi wa kimataifa wa DECOVALEX timu za nchi mbalimbali zilipewa vipimo vilevile vya Keyworth na kuambiwa waviige kwa kompyuta. Wengi waliweza kuuchora mwinuko wa shinikizo na mporomoko wake, kila mmoja kwa fizikia yake na kwa kurekebisha namba mpaka zilingane. Kuotea kabla gesi itatokea sekunde gani na kona ipi ni jambo jingine: vipande viwili vya udongo uleule, vilivyobanwa kwa namna ileile, havifungui mlango mahali pamoja. Kwa hiyo ripoti za usalama hazidai kujua njia. Zinachukua njia mbaya kuliko zote zinazowezekana, zinaweka gesi yote humo, na kuhesabu kinachofika juu.

Kenya na Uganda zinapanga vinu vyao vya kwanza. Fueli ya kwanza itakayotolewa humo ikiwa imetumika itahitaji miongo kadhaa ya kupoa kwanza, ndani ya maji na baadaye kwenye makasha, kabla mtu hajafikiria kuizika. Wakati huo kizibo cha Grimsel kitakuwa kimeshavunjwa na kukatwa vipande, na aliyekishika mkononi atajua mchanga ule uliachia vichochoro vingapi.